Jinsi ya kusoma vitabu vya historia vya Churchill bila kumezwa navyo

Churchill wengi tunamjua kwa sigara na vidole viwili juu, waziri mkuu wa Uingereza wakati wa vita ya pili ya dunia. Kinachosahaulika ni kwamba maisha yake yote kalamu ndo ilikuwa inamlisha, mshahara wa siasa haukutosha kabisa kwa jinsi alivyokuwa anaishi, na vitabu vyake vya historia vilisomwa na watu wa kawaida kuliko vya maprofesa wengi wa zama zake. Mwaka 1953 akapewa Tuzo ya Nobel ya fasihi, yeye alikuwa kwenye mkutano Bermuda kwa hiyo mke wake Clementine ndo akaenda Stockholm kuipokea. Na mwaka huohuo serikali yake ilikuwa inaendesha hali ya hatari Kenya, Kenyatta keshahukumiwa pale Kapenguria. Hayo mambo mawili yaweke kichwani kwa pamoja kabla hujafungua kitabu chochote.

Huu mwongozo ni kwa msomaji wa huku kwetu anayetaka kumsoma huyu mzee kama mwanahistoria. Vitabu vyake ni vingi na vingine vinene haswa, ukianzia pasipo pake utachoka kabla hujafika popote, na ukisoma kwa kuamini kila sentensi utatoka na historia ya dunia ambayo babu zetu hawamo. Mimi nampenda kama mwandishi, nasema wazi, anajua kusimulia kuliko karibu wanasiasa wote waliowahi kushika kalamu. Ndo maana inabidi usome macho yakiwa wazi. Msome kama unavyomsikiliza shahidi mahakamani ambaye hapohapo ni mshtakiwa: aliona kwa macho yake, anajua mengi, na ana sababu ya kutokukwambia yote.

Jua kwanza anamtetea nani

Alizaliwa 30 Novemba 1874 kwenye jumba la Blenheim. Baba yake Lord Randolph Churchill alikuwa waziri wa fedha mwaka 1886 akajiuzulu mwaka huohuo hata bajeti hajaisoma bungeni, siasa zake zikaishia hapo, akafa Januari 1895 akiwa na miaka 45. Winston alikuwa na miaka 20. Kitabu chake kikubwa cha kwanza baada ya kuingia bungeni ni maisha ya huyo baba, juzuu mbili, 1906, na ukikisoma unamuona mtoto anayemsafisha baba yake mbele ya watu.

Halafu kuanzia 1923 mpaka 1931 akatoa The World Crisis, historia ya vita ya kwanza, vita ambayo yeye mwenyewe aliondolewa kwenye uwaziri wa jeshi la majini mwaka 1915 kwa ajili ya balaa la Dardanelles, yale mashambulizi ya Uturuki yaliyoshindwa. Inasemekana Balfour, waziri mkuu wa zamani, alisema Winston ameandika kitabu kikubwa kuhusu yeye mwenyewe akakiita historia ya dunia, au maneno yanayokaribia hayo. Miaka ya 1930 tena, akiwa nje ya serikali na hamna anayemsikiliza, akaandika juzuu nne za Marlborough, babu yake wa mbali aliyekuwa jenerali mkubwa mwanzoni mwa karne ya 18, na humo anapambana na Macaulay, mwanahistoria wa zamani aliyemchafua huyo babu.

Baba, yeye mwenyewe, babu. Kila kitabu kina mtu wa kutetewa, kwa hiyo kila unapofungua kitabu chake andika ukurasa wa kwanza wa daftari lako: hapa anatetewa nani? Ukishajua hilo hata kurasa ngumu zinafunguka, unaelewa kwa nini vita fulani ndogo imepewa chapta nzima na jambo zito limepitwa kwa aya moja.

Anza na My Early Life

Kilitoka 1930. Hiki ndo rahisi kuliko vyote, Kiingereza chake chepesi, kinachekesha, na kinaishia ujana wake mwanzoni mwa miaka ya 1900. Shule ilimshinda, mtihani wa kuingia Sandhurst, chuo cha maofisa wa jeshi, alifaulu kwa mara ya tatu, akapelekwa India na kikosi cha wapanda farasi. Mle ndani kuna sehemu usiiruke hata kidogo, ile ya Bangalore mwaka 1896, ambapo anaeleza jinsi mchana wa joto wenzake wakilala yeye anasoma Gibbon na Macaulay, vitabu mama yake alivyomtumia kutoka Uingereza. Chuo kikuu hakuenda. Historia alijifunza pale, kitandani, peke yake, kwa waandishi wawili wenye sentensi ndefu zenye mapigo. Kila kitu alichoandika baadaye kina sauti ya hao wawili, hata huyo Macaulay aliyekuja kugombana naye.

Kuna kitu kinasaidia sana hapa. Soma kwa sauti. Churchill vitabu vyake vingi alivitamka, hakuviandika kwa mkono, usiku anatembea chumbani pale nyumbani kwake Chartwell huku sekretari anapiga chapa au anaandika, halafu zikirudi karatasi kutoka kwa mchapaji anazichora na kuzibadilisha mpaka mchapaji anachoka. Ni maandishi ya mdomo. Sentensi inayokushinda ukiisoma kimyakimya, isome kwa sauti mara moja tu utaona inapoenda. Hata kama Kiingereza chako ni cha kuungaunga jaribu, usikimbilie kamusi kwa kila neno.

Na pia hapo kwenye stori ya kutoroka jela ya Makaburu Pretoria Desemba 1899, akajificha kwenye mgodi wa makaa ya mawe karibu na Witbank, akapakiwa kwenye treni ya mizigo katikati ya marobota ya sufu mpaka Lourenço Marques, ambayo leo ni Maputo, furahia. Ni hadithi ya kweli. Lakini angalia vilevile ilivyomfanya kuwa maarufu, na mwaka uliofuata, 1900, akashinda ubunge wa Oldham. Stori na siasa kwake vilianza kutembea pamoja hapo.

The River War: soma matoleo mawili, ndo somo lenyewe

Kama una muda wa zoezi moja tu kwenye huu mwongozo, chagua hili.

Tarehe 2 Septemba 1898 jeshi la Uingereza na Misri chini ya Kitchener liliwaua zaidi ya 10,000 pale Omdurman, Sudan, watu wa Khalifa, mtawala aliyemrithi Mahdi, kiongozi wa dini aliyeiteka nchi hiyo, ndani ya asubuhi moja, kwa bunduki za rashasha na mizinga. Upande wa Kitchener waliokufa walikuwa makumi tu. Churchill alikuwepo, luteni mwenye miaka 23, alipanda farasi kwenye lile shambulio la kikosi cha 21st Lancers. Mwaka uliofuata akatoa The River War, juzuu mbili nene. Na mle aliandika bila kuogopa kuhusu Kitchener: kwamba kaburi la Mahdi lilibomolewa, mwili ukafukuliwa, kichwa kikatengwa, na kwamba hilo ni jambo la aibu. Aliandika pia kuhusu majeruhi wa upande wa pili walivyotendwa baada ya vita. Kijana wa miaka 24, bado hana cheo chochote, anamsema jenerali ambaye taifa zima linamshangilia.

Sasa chukua toleo la 1902. Limekuwa juzuu moja. Kati ya 1899 na 1902 mwandishi amekuwa mbunge, na Kitchener amezidi kuwa mkubwa. Sehemu nyingi za lawama hazimo tena au zimepoozwa. Kitabu kilekile na jina lilelile, ila mwandishi keshakuwa mwanasiasa.

Jinsi ya kufanya: toleo la 1902 liko Project Gutenberg, unalidaunlodi bure, na ukiangalia ukurasa wa mwanzo wamekuandikia kabisa kwamba ni la 1902. Watu wengi wanalisoma hilo wakidhani wamesoma kitabu chote. Toleo la 1899 litafute Internet Archive, ni skani za kurasa kwa hiyo faili ni zito, tumia waifai kama unaipata. Usilinganishe kitabu kizima utakufa bure, nenda moja kwa moja kwenye zile sura za baada ya Omdurman, tafuta neno tomb kwenye matoleo yote mawili, weka kurasa mbili pembeni, soma. Nusu saa inatosha. Ukimaliza utakuwa umeelewa kuhusu wanasiasa wanaoandika historia kitu ambacho mhadhara mzima hauwezi kukupa, kwa sababu umeona kwa macho yako mstari uliokuwepo na mstari uliotolewa.

My African Journey: hapa tupo, ila angalia tumekaa vipi

Mwishoni mwa 1907 Churchill alikuwa naibu waziri wa makoloni, akafika Mombasa kwa meli, akapanda reli ya Uganda. Kwenye kitabu anaeleza alivyokaa kwenye benchi lililofungwa mbele ya injini kabisa, anaangalia nchi inavyokuja, wakiona mnyama treni inasimama wanashuka kuwinda. Akaenda Nairobi, akavuka Ziwa Victoria, akaingia Entebbe na Kampala alipokutana na Kabaka Daudi Chwa aliyekuwa bado mtoto, akapita Jinja, akashuka na Nile mpaka Khartoum na Cairo. Makala zilitoka kwanza kwenye gazeti la Strand, wakamlipa, halafu 1908 zikawa kitabu. Ona hapo, waziri yuko safari ya kikazi huku anauza makala.

Msome kwa penseli. Anapozungumzia maji ya Ripon Falls pale Jinja anaona mbali kweli, anasema nguvu yote hii inapotea bure, ijengwe mitambo. Bwawa la Owen Falls lilikuja kufunguliwa 1954 na Malkia Elizabeth, na waziri mkuu wakati huo ni Churchill huyohuyo. Hilo mpe haki yake. Uganda anaisifia mpaka basi. Lakini akifika kwa Wakikuyu anawaita watoto, wachangamfu na wasiosumbua, na maneno mengine mabaya zaidi ambayo utayakuta mwenyewe. Anajadili sana ardhi, wazungu, Wahindi na Waafrika nani akae wapi, kama mtu anayepanga fanicha. Kila anapoandika "wenyeji" wanataka hiki au wanapenda kile, weka alama pembeni ujiulize ameongea na nani, kwa lugha gani, na mkalimani alikuwa nani. Mara nyingi utakuta ameongea na ofisa wa serikali.

Alafu fanya hivi. Januari 1908, Churchill keshaondoka Afrika Mashariki, kule Kisii kijana Otenyo alimchoma mkuki Northcote, ofisa wa wilaya, na jeshi likapelekwa kuadhibu. Watu wa Gusii wanaijua hii stori vizuri, pamoja na ya Moraa, mwanamke aliyemhimiza Otenyo. Taarifa za mauaji zilipofika Wizara ya Makoloni, Churchill aliandika maneno makali kupinga, kwamba haiwezekani iwe lazima kuendelea kuua watu wasio na ulinzi kwa wingi namna hiyo. Aliandika kweli. Lakini aliandika kwenye faili la ofisi, wakati huohuo msomaji wa gazeti Uingereza anaendelea kupata wanyama, maua na reli. Yule wa faili na yule wa gazeti ni mtu mmoja. Mwanafunzi wa historia lazima awasome wote wawili, ukimsoma wa gazeti peke yake unamkosea Churchill mwenyewe pia, kwa sababu unamkosa pale alipokuwa bora.

Juzuu sita za vita ya pili

Hapa ndo mlima. The Second World War, juzuu sita, 1948 mpaka 1954, karibu maneno milioni 2. Usiogope, usizisome zote kwa mfululizo.

Kwanza ujue zilivyotengenezwa. Julai 1945 wapiga kura walimtoa, vita na Japani haijaisha hata. Akaondoka ofisini na ruhusa ya kutumia memo na telegramu zake alizoziandika wakati wa vita, kitu ambacho mwanahistoria mwingine yeyote asingekipata kwa miaka mingi. Akakusanya timu ya wasaidizi, Bill Deakin aliyekuwa mwanahistoria wa Oxford, Jenerali Pownall wa mambo ya nchi kavu, Commodore Allen wa mambo ya bahari, Denis Kelly wa kupanga makaratasi. Wao wanaandaa rasimu na nyaraka, yeye anatamka zile sehemu anazozijali, anapanga, anapaka rangi yake. Norman Brook, katibu wa baraza la mawaziri, anapitia kuhakikisha siri za serikali hazitoki. Haki za kuchapa Marekani ziliuzwa kwa Life na New York Times kwa pesa nyingi. Kwa hiyo ukisoma "mimi" ujue nyuma yake kuna chumba cha watu.

Sasa jinsi ya kusoma. Chukua juzuu ya kwanza, The Gathering Storm, ile nusu ya mwanzo ya miaka ya 1930, kwa sababu hiyo ndo iliyoganda kwenye vichwa vya watu: kwamba vita ingezuilika, viongozi walimlegezea Hitler, na mmoja tu alionya. Halafu ruka mpaka ya nne, The Hinge of Fate, kwa ajili ya Singapore Februari 1942. Halafu ya sita.

Unaposoma shika kalamu na kila ukikuta memo yake imechapwa, tafuta jibu. Hii ndo siri kubwa ya juzuu sita. Memo za Churchill zipo kwa mamia, zinaagiza, zinauliza, zinakaripia, na majibu ya wale majenerali na mawaziri mara nyingi hayamo. Unabaki unaamini kwamba yeye ndo alikuwa macho peke yake. Mkuu wa majeshi ya nchi kavu, Alanbrooke, alikuwa anaandika shajara kila usiku, na zilipoanza kutoka 1957 watu wakaona upande wa pili, kwamba nusu ya kazi yake ilikuwa kumzuia Churchill asifanye mambo ya hatari. Ukipata hizo shajara chagua wiki moja ya 1942 usome kwa Churchill, halafu wiki hiyohiyo kwa Alanbrooke.

Angalia pia mwaka kitabu kilipotoka kuliko mwaka tukio lilipotokea. Juzuu ya sita ilikuwa inamaliziwa 1953, Eisenhower, aliyeongoza majeshi ya Washirika Ulaya wakati wa vita, ameshakuwa rais wa Marekani na Churchill amerudi kuwa waziri mkuu anayemhitaji, kwa hiyo ugomvi wao wa 1945 kuhusu jeshi liende wapi aliupunguza makali, na alimwandikia Eisenhower mwenyewe kumjulisha. Ni mchezo wa River War tena, miaka 50 baadaye. Na kuhusu ufumbuaji wa siri za mawasiliano ya Wajerumani kule Bletchley Park hakusema, sheria haikuruhusu, umma ulikuja kuelezwa 1974 yeye keshakufa tangu 1965. Maana yake kila mahali anaposema alihisi au alikisia adui atafanya nini, kumbuka mara nyingine alikuwa amesoma barua za adui.

Lakini usiwe hakimu wa kukamia. Kwenye Singapore anakiri kwamba yeye alitakiwa kujua ngome haina ulinzi upande wa nchi kavu, alitakiwa aulize. Na kwenye juzuu ya sita anasimulia mwenyewe ule usiku wa Oktoba 1944 Moscow, alivyochukua kipande cha karatasi akaandika Romania asilimia 90 kwa Urusi, Ugiriki asilimia 90 kwa Uingereza, Yugoslavia nusu kwa nusu, akakisukuma mezani, Stalin akaweka tiki ya penseli ya bluu. Nchi za watu zimegawanywa kwa dakika chache. Angeweza kunyamaza kuhusu hiyo karatasi. Kaiandika, na ni moja ya kurasa zilizonifanya nimheshimu kama mwandishi hata pale ninapomchukia kama mtawala.

Fungua kurasa za nyuma

Kwenye faharasa, ile listi ya majina kurasa za mwisho, ndo unapima kitabu cha historia haraka kuliko kwingine kokote. Tafuta Bengal, jimbo la India ya wakati huo. Mwaka 1943 njaa iliua watu wanaokadiriwa kufika milioni 3 kwenye nchi iliyokuwa chini ya serikali yake, na kwenye juzuu sita karibu haionekani, utakuta kijineno kwenye nyaraka za nyuma basi.

Tafuta East Africa na King's African Rifles. Askari wa KAR walikwenda Madagascar 1942. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipigana Burma, bonde la Kabaw, kwenye mvua ya masika ya kule na matope, mpaka Kalewa kwenye mto Chindwin Desemba 1944, vijana wa Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland, amri zinatolewa kwa Kiswahili katikati ya msitu wa Asia. Tarehe 12 Februari 1944 meli ya Khedive Ismail iliyotoka Mombasa kwenda Colombo ilizamishwa na nyambizi ya Japani karibu na Maldives, watu karibu 1,300 walikufa, mamia wakiwa askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Nenda na hizo tarehe kwenye kitabu, uone anazipa mistari mingapi ukilinganisha na chakula cha jioni na Roosevelt.

Na kama kwenye familia yenu kulikuwa na babu wa KAR, hii ni sehemu ya kusoma pia, sio pembeni. Uliza kama kuna cheti chake cha kuachishwa jeshi au medali kwenye sanduku la mtu. Piga picha mbele na nyuma, andika namba yake ya jeshi na batalioni, rekodi kwenye simu shangazi au mjomba anavyokumbuka alichokuwa anasimulia, ukiandika tarehe na jina la anayesimulia. Hivyo vitu vinatupwa kila siku watu wakihama nyumba.

Msome Nehru pembeni yake

Agosti 1942 serikali ya Churchill ilimfunga Nehru, kiongozi wa kupigania uhuru wa India, kwenye ngome ya Ahmednagar, na hakuachiwa kifungoni mpaka Juni 1945. Huko ndani, 1944, akaandika The Discovery of India. Mwanasiasa mwingine anayeandika historia, muda uleule, milki ileile, mmoja ofisini London na mwingine gerezani. Fungua sura ya kwanza kabisa ya Nehru na utaikuta ile njaa ya Bengal, ipo mwanzoni, kwa hasira iliyozuiliwa. Wapange kwenye rafu kitabu kimoja kikigusa kingine. Nehru naye anatetea upande wake, kwa hiyo yeye pia mwandikie lile swali la anatetewa nani, lakini ukiwasoma kwa zamu, sura hii ya huyu sura hii ya yule, kila mmoja anakuonyesha shimo la mwenzake.

Ukizoea utaratibu huu kwa hao wawili uulete nyumbani, Not Yet Uhuru ya Oginga Odinga ya 1967 inafaa sana kwa kuanzia, kwa sababu aliitoa mwaka mmoja baada ya kuachia umakamu wa rais na ugomvi wake na Kenyatta ulikuwa bado wa moto. Maswali ni yaleyale: anamtetea nani, kitabu kilitoka mwaka gani na mwandishi alikuwa na cheo gani siku hiyo, majibu ya waliotajwa yako wapi.

Vya kuruka na pa kupata

A History of the English-Speaking Peoples, juzuu nne za 1956 mpaka 1958, mimi naona uiache. Aliianza kabla ya vita, ikakaa kabatini, ikamaliziwa na wasaidizi wengi, na ni wafalme na vita tu mpaka mwisho. Marlborough ni bora kuliko hiyo, wataalamu wengi wanaihesabu kazi yake nzuri kuliko zote kihistoria, lakini ina kurasa nyingi mno na inataka uijue Ulaya ya miaka ya 1700, iweke mpaka umeshapata mazoea ya sauti yake.

Juzuu sita za vita hupatikana kwa wauza mitumba ya vitabu, mara nyingi moja moja, usisubiri seti. Ukiona toleo lililofupishwa juzuu sita kuwa moja linafaa kwa stori ila nyaraka nyingi zimetolewa, na zoezi la memo na majibu linataka nyaraka, kwa hiyo angalau ile ya nne ipate nzima. Hotuba zake za bungeni na maswali aliyoulizwa utayapata kwenye Hansard, kumbukumbu rasmi za bunge la Uingereza, iko bure mtandaoni, unatafuta kwa tarehe. Ukikuta kitabu kinanukuu hotuba, nenda usome na mbunge aliyesimama baada yake alimjibu nini.